Utalii wa Karatu Upimwe kwa Chemchemi Pia



Kila idadi ya watalii inapoongezeka, mji wa Karatu husifiwa kuwa umeendelea. Hoteli huhesabiwa, vitanda huhesabiwa, na magari yanayopanda Ngorongoro huhesabiwa. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini ni nusu tu ya hesabu.

Nusu ya pili imo msituni. Juu ya Karatu umetanda Msitu wa Nyanda za Juu Kaskazini, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro iliyoanzishwa mwaka 1959. Msitu huo hukinga mawingu na mvua. Maji hunywea ardhini, kisha hutokeza mabondeni kuwa chemchemi na vijito. Maji ya nyanda hizo hulisha mashamba ya Karatu, vitunguu vya Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, na miti mirefu ya kando ya Ziwa Manyara. Mtalii anayeoga hotelini jioni huoga maji ya msitu ambao asubuhi aliupita tu, akiwahi kuwatazama faru ndani ya kreta.

Mwaka 2005, tathmini kubwa iliyoitishwa na Umoja wa Mataifa iligawa huduma za maumbile katika mafungu manne: vitu vinavyotolewa, kama maji na chakula, udhibiti, kama wa mafuriko na hali ya hewa, manufaa ya roho, elimu na burudani, na zile zinazotegemeza nyingine zote, kama kufanyika kwa udongo. Utalii umo katika fungu la tatu. Basi mji unaopima utalii peke yake hupima fungu moja na kuyasahau yale yanayolibeba.

Kosa hilo lina gharama. Fedha za mgeni huonekana siku ileile katika stakabadhi. Chemchemi ikipungua, haiandikwi katika daftari la hesabu. Hoteli yenye uwezo huweza kuchimba kisima kirefu zaidi; mama wa kijijini huongeza mwendo wa kuteka maji. Wote hutegemea mvua ileile, lakini hasara humfikia mama kwanza.

Kwa hiyo, pamoja na idadi ya wageni, taarifa za wilaya hazina budi kuonyesha kila kitanda hutumia maji kiasi gani, taka hutupwa wapi, mkaa wa jikoni hutoka wapi, na ni mboga na kahawa kiasi gani hununuliwa kwa wakulima wa Karatu wenyewe. Mwalimu naye aweza kuanza bila kungoja fungu la fedha: wanafunzi waipime chemchemi ya kijiji kila mwezi, kwa ndoo na saa, na waandike.

Mkulima wa Karatu, hata njaa ikimbana, hujua kwamba mbegu hailiwi. Msitu ndio mbegu ya utalii.