Lucera: Mji wa Waislamu Ndani ya Italia



Vijana wenzangu, wazee wetu na kina mama, nikiwatajia Italia mwafikiria nini? Wengi wetu ni mpira tu, na Roma. Basi leo, tukingojea adhana ya Magharibi, hebu twendeni kusini mwa nchi hiyo, jimbo la Puglia, kwenye mji mdogo uitwao Lucera.

Mji wenyewe ni wa kale. Uwanja wa michezo walioujenga Warumi zama za Augustus ungalipo mpaka leo. Lakini kisa chetu ni cha karne ya 13.

Waislamu waliingia kisiwa cha Sicily mwaka 827, wakakitawala. Kufikia 1091 Wanormani walikuwa wamekiteka chote, na Waislamu waliobaki wakawa raia wa wafalme wa Kikristo. Walipoasi, Mfalme Frederick wa Pili aliwang'oa makwao kuanzia miaka ya 1220, akawahamishia Lucera. Ilikuwa ni adhabu. Hata hivyo, dini yao aliwaachia. Wakalima, wakafanya ufundi, na wapiga mishale wao wakawa tegemeo la jeshi lake. Mwaka 1261 mwanachuoni Ibn Wasil, mjumbe wa Sultani Baybars wa Misri, alifika pande hizo. Aliandika kwamba watu wa Lucera ni Waislamu na sala ya Ijumaa yasaliwa wazi.

Je, waliishia wapi? Manfred, mwana wa Frederick, aliuawa vitani mwaka 1266. Watawala wapya, ukoo wa Anjou, walizingira mji ulipoasi mpaka njaa ikausalimisha mwaka 1269. Wakajenga ngome yenye ukuta wa karibu mita 900, nayo ingali yasimama. Kisha mwaka 1300 Charles wa Pili, mfalme mwenye madeni mengi, aliamuru mji uvunjwe. Mifugo na mavuno yakachukuliwa. Maelfu ya watu, wake kwa waume, wakauzwa utumwani. Misikiti ikaondolewa, na mjini likajengwa kanisa kuu ambalo mgeni huonyeshwa hadi leo.

Ndugu zangu, sikuyasema haya ili tumchukie jirani. Dhuluma ni dhuluma, na aliyeitenda ni mfalme aliyetaka pesa. La kuzingatia ni kuwa amani ya watu wale ilining'inia kwenye hisani ya ukoo mmoja. Ukoo ulipoanguka, nao wakaanguka. Haki inayotegemea mapenzi ya mtu, huondoka na mtu huyo. Yetu sisi imo katika sheria. Tuijue, tuilinde, na tuilinde ya jirani pia.

Na jambo la pili: usiku huu, baada ya tarawehe, muulize babu au nyanya yako msikiti wenu ulijengwa na nani, lini. Andika. Watu wa Lucera hawakupata nafasi hiyo.

Mola azikubali saumu zetu. Amin.