KAHAWA NA MTU WA ZAMU YA USIKU
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama wa tawi)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya kahawa. Pengine mtu atauliza, kahawa ina kazi gani katika chama cha wafanyakazi? Ina kazi, maana sisi wa reli twainywa ili tukeshe wakati wenzetu wamelala, na mara nyingine twapewa kahawa badala ya kupewa mapumziko.

Kwanza nitasema mema yake, maana si haki kumhukumu mtu kabla ya kumsikia. Madaktari wameichungua kahawa miaka mingi. Wameona kwamba wanaoinywa kwa kiasi hawapatwi sana na ugonjwa wa sukari wa watu wazima, wala ugonjwa wa ini, kama wasioinywa. Hii si kusema kwamba kahawa ni dawa. Lakini si sumu pia. Mwaka 1991 ilitiwa katika orodha ya vitu ambavyo huenda vikaleta saratani ya kibofu. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliitoa humo, kwa sababu ushahidi haukutosha.

Lakini wataalamu hao hao walisema jambo jingine. Kinywaji chochote kinachonywewa na joto la kupita nyuzi 65, kiwe chai au kahawa au maji matupu, pengine huleta saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula. Ugonjwa huo wajulikana sana upande wa Bonde la Ufa na Magharibi. Basi kahawa ikitoka jikoni, ngoja ipoe kidogo.

Pili, kiasi. Ndani ya kahawa mna kitu kiitwacho kafeini. Kikombe cha kawaida kina kama miligramu 80 hadi 100. Mtu mzima mwenye afya asipite 400 kwa siku, yaani vikombe vinne hivi. Mama mwenye mimba asipite 200. Chai nayo ina kafeini, kama nusu ya kahawa, basi ihesabu pia. Mwenye presha au moyo wa kwenda mbio na amwulize daktari. Tena tazama sukari: vikombe vinne, vijiko vitatu kila kimoja, ni vijiko 12. Hicho peke yake ni kipimo cha mwisho cha siku nzima. Na usiinywe pamoja na chakula, maana huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga. Kaa kama saa moja kwanza.

Tatu, na hili ndilo kubwa: kahawa haiondoi uchovu. Huuficha tu, kama mtu anayefunika taa nyekundu kwa kofia yake. Taa haionekani, lakini hatari ingali pale pale njiani. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu. Ukinywa saa kumi alfajiri, hata saa tatu asubuhi nusu yake ingali mwilini, nawe wajigeuza-geuza kitandani. Usiku ufuatao umechoka zaidi, wanywa zaidi. Kwa hiyo, kama zamu yako yaisha saa kumi na mbili asubuhi, kikombe cha mwisho kisipite saa saba usiku.

Nne, yatupasa sisi kama chama. Mtu aliyechoka akigeuza pointi au akifunga breki za mabehewa, hatari si yake peke yake. Msimamizi akisema, "Nywa kahawa uendelee," na zamu ya pili imekwisha anza, hiyo si huruma. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa kila mfanyakazi siku moja ya kupumzika, angalau, katika kila siku saba. Kahawa haikutajwa humo.

Basi naomba hivi: kila mwanachama aandike katika daftari, kwa mwezi mzima, saa aliyoingia kazini, saa aliyotoka, na siku aliyopumzika. Ampe katibu wa tawi. Tukienda mezani tuwe na hesabu mkononi, si malalamiko matupu.