Korongo la Ol Njorowa na Sisi wa Kibera



Kusini mwa Ziwa Naivasha, kama kilomita 90 kutoka hapa Kibera, lipo korongo la miamba myekundu ambalo Wamaasai huliita Ol Njorowa. Wengi wenu mnalijua kwa jina la Hell's Gate, kwa kuwa ndilo lililoandikwa langoni. Jina hilo la jehanamu lilitokana na wasafiri wa Ulaya waliopita huko mwaka 1883. Mmoja wao, Gustav Fischer, alikuja na msafara kutoka Pangani, na Wamaasai wakamzuia asiendelee. Mahema na mizigo yake vilibebwa vichwani na wapagazi wa pwani. Leo familia zenye uwezo huvuta karavani hadi kando ya ziwa, na wengine hukodi baiskeli na hema. Nawaomba mnapotandika virago kule mwakumbuke wapagazi wale, kwani walipiga kambi katika bonde hilo kabla yetu wakizungumza lugha hii hii.

Mnara wa jiwe ulio karibu na lango la hifadhi umepewa jina la Fischer. Wamaasai husimulia kwamba ni msichana aliyekuwa akipelekwa kuolewa. Alikatazwa kutazama nyuma, akatazama, akawa jiwe. Kila ninapoupita mnara ule nawafikiria watu waliohamishwa, maana wao wana haki ya kutazama nyuma.

Agosti 1904 serikali ya kikoloni iliwafanya Wamaasai watie saini mkataba uliowaondoa katika malisho ya Naivasha, yakapewa walowezi. Mwaka 1911 wakahamishwa tena, safari hii kutoka Laikipia. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi yao ikatupwa. Miaka hiyohiyo askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles walikuwa wakijenga nyumba zao hapa, katika msitu walioupa jina la lugha yao, Kibra. Mwaka 1918 eneo hili lilitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Hatimiliki waliyokabidhiwa Wanubi mwaka 2017 ni ya ekari 288. Ndiyo maana naamini kijana wa Kibera anaweza kumwelewa mzee wa Kimaasai upesi kuliko mgeni yeyote. Kama hesabu hizo za ekari zimekuuma, umeshaanza kumwelewa.

Na mambo hayo hayakuishia kwa wakoloni. Mwaka 2014 vijiji vinne vya Wamaasai vilihamishwa kupisha mradi wa umeme wa mvuke wa Olkaria IV. Wakazi walilalamika hadi kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya zilizokopesha fedha, wakaketi na kampuni ya mradi huo mbele ya wapatanishi, na makubaliano yakapatikana mwaka 2016. Taa za mabanda yetu huwaka kwa umeme huo pia. Kwa hiyo ukienda kule, usitosheke na ngoma, shanga na picha. Keti na mwenyeji umuulize boma lao lilikuwa wapi zamani, na nani aliwahamisha. Utamaduni wao umo pia katika majibu hayo.

Niliwahi kwenda huko na kundi la vijana wa Kawangware na wa Gatwekera hapa Kibera. Tulilala kwenye mahema, na asubuhi tukafika ukingoni mwa korongo juu yetu kukiwa kweupe kabisa. Mwelekezi wetu, kijana wa Kimaasai, hakuangalia juu. Aliangalia vilima vya mbali vilivyokuwa vimefunikwa na wingu, akasema leo hatushuki. Wavulana walinung'unika, kwa sababu walikuwa wamelipa. Mafuriko ya ghafla yaliua watu mle Aprili 2012, na tena Septemba 2019, lakini hakuwa ameyataja bado.

Aliyeelewa kwanza ni msichana anayeishi kando ya mto hapa Kibera. Aliwaambia wenzake, "Si hata kwetu ni hivyo? Mvua inanyesha Dagoretti, sisi huku tunatoa magodoro nje." Mwelekezi akamgeukia, akamuuliza mto wao unaitwaje. Wakaketi kwenye jiwe, na hadi saa sita mchana walikuwa bado wanaelezana maji ya kwao hutokea wapi.