Mkeshaji na Usingizi Wake

(Mawaidha kwa vijana baada ya swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu vijana, wazee wetu na mama zetu, leo tuzungumze juu ya usingizi. Msicheke. Ramadhan ikiingia, wengi wetu hugeuza usiku kuwa mchana. Baada ya taraweh ni barazani, karata na simu mpaka daku. Akishakula alala, Alfajiri yampita, aamka Adhuhuri. Amefunga, ndiyo, lakini mchana wa mwezi mtukufu ameulala. Na yule wa bodaboda hana nafasi ya kulala mchana. Akisinzia sekunde chache tu barabarani, ni roho ya mtu.

Kuna atakayesema, "Mimi ndivyo nilivyoumbwa, usingizi hauji mapema." Ana ukweli wake. Mwili una saa yake ya ndani, na ya kijana kwa kawaida huchelewa kuliko ya mzee. Mwaka 2017 wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi saa hiyo inavyoendeshwa. Kwa hivyo wazazi wetu, si kila mkeshaji ni mvivu. Lakini saa hiyo hufuata mwanga: wa asubuhi huiwahisha, wa usiku huichelewesha.

Basi tufanyeje?

Kwanza, anza na saa ya kuamka, si ya kulala. Daku yakuamsha wakati mmoja kila siku. Hiyo ni neema. Ukiswali Alfajiri, kaa na dhikri mpaka jua litoke, kisha toka nje ulione. Fanya hivyo siku kadhaa mfululizo, na usingizi utaanza kuja mapema wenyewe.

Pili, baada ya taraweh, simu iwe mbali na kitanda. Mtume (S.A.W.) alichukia mazungumzo yasiyo na haja baada ya Isha.

Tatu, kahawa. Baada ya saa tano hivi, karibu nusu ya nguvu yake ingali mwilini. Ukinywa saa tatu usiku, saa nane bado yakukodolesha macho.

Nne, qailula. Hebu tupige hesabu: ukilala saa nne usiku ukaamka saa kumi, ni saa sita. Mtu mzima ahitaji saba au zaidi, na kijana wa sekondari nane hadi kumi. Kwa hivyo lala kidogo baada ya Adhuhuri, na mwanafunzi apande kitandani mapema zaidi.

Ndugu zangu, hatusemi kukesha ni haramu. Kumi la mwisho laja, na tunautafuta usiku wa Laylatul Qadr. Lakini aliyeupa mwili haki yake siku ishirini za mwanzo ndiye atakayesimama imara. Mwenye kuzimaliza nguvu zake kwenye karata, atasimama na nini?

Allah atupe tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.