Pesa Ndogo Huenda Wapi?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Suam)

Asanteni kwa kuacha shamba wakati huu wa kuvuna mkaja.

Tunajua mnalojiuliza: "Tuandike matumizi gani, na pesa yenyewe hakuna?" Hata sisi wahudumu wa jamii tulisema hivyo. Basi tulianza na sisi wenyewe. Kila mmoja alinunua daftari dogo, akaandika kwa mwezi mzima kila shilingi iliyotoka mfukoni. Tulifikiri tutakuta karo na unga. Tulikuta pia chai na mandazi, boda boda ya mwendo ambao miguu ingetosha, na kredo ya simu. Tuliona haya. Na sisi ndio tuliokuwa tukiwafundisha wengine kuweka akiba!

Sasa tupige hesabu pamoja. Shilingi 30 kwa siku si kitu, si ndiyo? Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ni siku 90. Hiyo ni shilingi 2,700. Mwaka 2023 serikali ilishusha bei ya mbolea ya ruzuku hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Kwa bei hiyo, umenunua mfuko mmoja na ukabaki na 200 ya nauli. Lakini sisi huuza mahindi mapema, bei ikiwa chini, ili tulipe madeni. Mvua ya Machi ikija, mbolea hatuna. Tunakopa tena. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba pia hukimaliza.

Hapa mpakani tunashika pesa za aina mbili, ya Kenya na ya Uganda. Kila ukibadilisha, kuna kitu kinabaki kwa mbadilishaji. Kwa hiyo kila pesa iwe na ukurasa wake. Na M-Pesa je? Ada ya kutoa shilingi 500 kwa wakala ni sawa na ya kutoa 2,000. Anayetoa 500 mara nne amelipa ada mara nne.

Tufanye hivi:

1. Andika jioni, kabla ya kulala. Asiyejua kuandika, mtoto amwandikie.

2. Jumapili jumlisha. Weka alama kwa vitu ambavyo ungeweza kukaa bila.

3. Chagua kimoja tu cha kupunguza. Pesa yake ipeleke kwa kikundi siku ya mkutano, isikae mfukoni.

Onyo moja. Daftari si askari. Katika kikundi kimoja bwana alisoma daftari la mkewe kama anasoma mashtaka, na yeye la kwake hakuwa nalo. Mama akaacha kuandika. Kosa lilikuwa letu, maana tulifundisha akina mama peke yao. Siku hizi tunaita wote wawili, na kila mmoja anaanza na la kwake.

Tena, pengine utakuta kila shilingi ilienda kwa chakula na dawa. Hapo usijilaumu, wala usipunguze uji wa watoto. Daftari limekuonyesha kwamba shida si matumizi, ni mapato. Leta jambo hilo kikundini, tutafute kazi ya kufanya pamoja.

Mkutano ujao kila mmoja aje na daftari lake. Na sisi tutakuja na yetu, mtukague.