Makuta ya sosiete si makuta ya mukubwa



Leo hatutasema juu ya maji wala juu ya kura. Tutasema juu ya nyumba.

Mnaona nyumba za etaje zinapanda kila mwaka. Nyingine zimejengwa kwa jasho, hatumshitaki mtu. Lakini kuna njia moja tunataka muielewe. Kiongozi wa sosiete anatoa makuta katika kese ya sosiete, ananunua parseli kwa jina lake, na katika daftari la hesabu wanaandika neno moja tu: "mkopo".

Juu ya nini aandike mkopo? Sababu mkopo haukatwi kodi. Tufanye hesabu, kwa viwango vya sheria ya kodi ya 1969 pamoja na marekebisho yake. Sosiete imepata faida ya dola 100.000. Leta inachukua 30%, zinabaki 70.000. Mwenye sosiete akizitoa kama gawio, anakatwa tena 20%, ni kusema dola 14.000. Anafika nyumbani na 56.000. Lakini akiziita mkopo, anabeba 70.000 nzima. Zile 14.000 za Leta zimeingia katika matofali yake.

Na haiishi hapo. Miaka inapita, hakuna anayemdai. Siku moja wanaandika kwamba deni limepotea, wanalihesabu kama hasara. Faida ya mwaka ule inashuka, na ile 30% nayo inapungua. Nyumba moja, Leta imepigwa mara mbili. Akiipangisha bila kutangaza, ni mara tatu: 22% ya pango haiingii katika kese ya provensi. Kisha tunauliza kwa nini masomo hayana madawati!

Je, sheria inanyamaza? Hapana. Sheria za OHADA zinatumika katika inchi yetu tangu tarehe 12/9/2012. Kifungu 356 kwa SARL na kifungu 450 kwa SA vinamkataza kiongozi kukopa kwa sosiete yake, yeye, bibi au bwana yake, wazazi wake na watoto wake. Mkopo kama ule ni batili, makuta yanapaswa kurudi. Kifungu 891 kinakwenda mbele zaidi: kutumia mali ya sosiete kwa faida yako, ukijua unaiumiza, ni kosa la jinai. DGI nayo ina haki ya kukataa ile "hasara", sababu gharama inayokubaliwa ni ile iliyofanywa ili kupata mapato ao kuyalinda. Basi kodi inadaiwa, na faini juu yake. Nani analipa? Sosiete. Mukubwa analala ndani ya nyumba, wafanyakazi wanangoja mshahara.

Haya yanahusu pia mashirika ya Leta yaliyogeuzwa kuwa sosiete za biashara kufuatana na sheria ya 2008. Pale, anayeibiwa ni sisi wote.

Tunaomba mambo matatu.

Moja: sosiete ziweke hesabu zao za mwaka kwenye RCCM, jinsi sheria inavyodai, na zile za mashirika ya Leta zitangazwe kwa raia.

Mbili: wewe uliyeweka franga yako katika SARL na wenzako, usiogope kuuliza. Mkifikisha moja ya kumi ya mtaji, mnaweza kuomba tribinali iteue mtaalamu achunguze tendo la kiongozi.

Tatu: ninyi mnaoanza biashara, msiige wakubwa. Kuikopesha sosiete yako ni halali, na ikikurudishia franga yako hakuna ubaya. Wewe kuikopa ndiyo marufuku. Unataka nyumba? Jilipe mshahara ao gawio, lipa kodi, kisha nunua. Ama nenda banki.

Hatutaweza kumuuliza gavana makuta yetu yako wapi, na sisi wenyewe tunayaficha ndani ya neno "mkopo". Tubaki macho.