Shoka Lipi Lipasue Kuni Zetu?

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliokutana katika ukumbi wa parokia. Mzungumzaji ni mweka hazina wa kikundi kinachouza kuni kwa jikoni za shule. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikufika navyo viyasome na kuyajadili.)

Mimi si mwalimu. Ni mweka hazina tu, na nimeombwa niwaeleze juu ya kosa lililofanywa katika kikundi chetu. Kosa lenyewe lilikuwa langu. Nitalisema wazi ili ninyi msilirudie.

Kikundi chetu kina watu kumi na wanane, na kumi na wawili kati yao ni akina mama. Tuna shamba la mikaratusi na miwati, na kuni zetu huliwa na jiko la shule. Kukata miti si shida, maana tunaajiri mwenye msumeno wa mashine. Shida ni kupasua. Tulikuwa na shoka letu la kawaida, lile la kuangushia miti. Ukilipiga juu ya kipande cha gogo linauma na kung'ang'ania kama fisi na mfupa. Unatumia nusu ya asubuhi kulichomoa.

Basi nikatumwa mjini na pesa za kikundi. Dukani nikaonyeshwa chombo kizito, upande mmoja kimenenepa kama kabari, na upande wa nyuma ni bapa kama nyundo. Sisi siku hizi tunakiita shoka-nyundo. Muuzaji akaniambia, "Hiki kinapasua chochote." Nikakiinua, nikajiona mwanamume. Nikanunua viwili, bila kumwuliza hata mtu mmoja kati ya wale ambao wangevitumia.

Juma la kwanza vijana walishangilia. Juma la pili vijana wawili wakapata kibarua mjini, na kazi ikabaki kwa akina mama. Mama mmoja, mchapa kazi mnayemjua wa aina yake katika kila kikundi, alilipiga shoka lile asubuhi nzima kwa sababu hakutaka kusemwa. Kesho yake hakuweza kuinuka kitandani. Alilala siku kumi na nne, na huo ulikuwa msimu wa kupanda. Mimi nilikuwa nimeandika katika kitabu cha hesabu: mashoka mawili, yamelipwa. Katika kitabu hicho hapakuwa na mahali pa kuandika mgongo wa mama.

Kwenye mkutano nilijitetea. Nikasema, wazee wetu walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Nyanya mmoja akanijibu pale pale: "Mwanangu, ulilipima shoka, hukutupima sisi." Nikakaa chini. Methali ile inamsema mvivu anayetafuta kisingizio. Haimsemi mtu aliyepewa chombo kisichomfaa.

Tukaamua kuuza shoka-nyundo moja, tukanunua shoka jepesi la kupasulia na kabari mbili za chuma, tukajaribu vyote msimu mzima. Haya ndiyo tuliyojifunza.

MASHOKA MATATU, KAZI TATU

Shoka la kuangushia miti lina mashavu membamba na makali ya kukata. Kazi yake ni kukata nyuzi za mti kwa kuzikingama. Kupasua ni kazi nyingine. Hapo hukati nyuzi, unazitenganisha. Ndiyo maana shoka jembamba huzama na kukwama.

Shoka la kupasulia lina mashavu mapana. Makali yanaingia kwanza, kisha mashavu yanasukuma mti huku na huku mpaka unafunguka. Kichwa chake kina uzito wa kilo 1.5 hadi 2.5 hivi. Hili linatakiwa liwe kali, kwa sababu likiwa butu linaruka juu ya gogo.

Shoka-nyundo lina kichwa cha kilo 2.7 hadi 3.6, na mpini mrefu unaokaribia sentimita 90. Makali yake si lazima yawe kama ya kisu. Linafanya kazi kwa uzito na unene. Faida yake nyingine ni kile kisogo. Kimetengenezwa kigongee kabari. Usigonge kabari kwa kisogo cha shoka la kawaida, wala usiligonge shoka lililokwama kwa nyundo. Tundu la mpini litapanuka, na shoka limekwisha.

UZITO NA MWENDO

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipokosea. Mimi nilidhani chuma kizito ndicho chenye nguvu. Lakini nguvu ya pigo inatoka mahali pawili: uzito wa chuma na mwendo wake. Ukiongeza uzito mara mbili kwa mwendo ule ule, nguvu ya pigo inakuwa mara mbili. Ukiongeza mwendo mara mbili kwa uzito ule ule, nguvu ya pigo inakuwa mara nne. Mnaona?

Kwa hiyo shoka jepesi linaloshuka kwa kasi laweza kulishinda shoka zito linaloshuka polepole. Kijana mwenye mabega anaweza kuliinua shoka-nyundo na kulishusha kwa kasi, naye atafaidi. Lakini mtu anayehangaika kuliinua tu, likifika juu amechoka, na linashuka bila kasi. Amebeba kilo tatu na nusu mara mia moja kwa siku, na gogo halikupasuka. Akina mama wetu wengi, wakiwa na shoka la kilo 2, walimaliza rundo mapema kuliko walivyofanya na lile zito, na jioni bado walikuwa na nguvu ya kupika.

MTI NAO UNA NENO

Mikaratusi ililetwa Kenya mwaka 1902 ili kupata kuni za injini za reli. Mpaka leo viwanda vya majani chai huichoma kwa wingi. Ni mti mzuri wa kuni, lakini una tabia yake. Upasue ungali mbichi. Ukiuacha mzima ukauke, unakuwa kama jiwe, na ile yenye nyuzi zilizojipinda itakutoa jasho bure. Muwati una nafuu. Vipande vyake vilivyonyooka hupasuka kwa shoka la kupasulia bila matata. Mgunga na mzeituni mwitu ni mizito na migumu, na palipo na kifundo cha tawi hapo pana vita.

Kwa hiyo sisi tunagawa rundo mara mbili kabla ya kuanza. Vipande vilivyonyooka, visivyo na vifundo, vyenye upana usiozidi kama shubiri na nusu, vinakwenda kwa shoka la kupasulia. Hivyo ndivyo vingi. Vigogo vinene vya shinani na vyenye vifundo vinawekwa kando, vinangoja shoka-nyundo na kabari, na siku ambayo wenye nguvu wapo.

Hata hivyo gogo nene lina njia yake. Usilipige katikati. Anza pembeni, kama mtu anayekula ugali wa moto. Bandua vipande vya ukingoni ukizunguka mpaka kiini kibaki chembamba. Tazama pia nyufa kwenye uso wa gogo, maana zinakuonyesha mahali ambapo mti wenyewe umekwisha kuanza kufunguka. Piga kwenye ufa, na ukwepe kifundo.

Likikataa kabisa, chukua kabari. Iingize kwenye ufa kwa mapigo madogo, kisha igonge kwa kisogo cha shoka-nyundo. Ikizama bila gogo kufunguka, weka ya pili mbele ya ufa, ya kwanza italegea. Ndiyo sababu nasema mbili. Mwenye kabari moja siku moja ataiacha ndani ya gogo.

Kuni zikishapasuliwa zipangeni juu ya mawe, zifunikwe juu tu, pembeni pabaki wazi hewa ipite. Vipande vyembamba hukauka upesi kuliko gogo zima, na kuni kavu hutoa moshi mchache. Hili si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa kupikia majumbani ulihusika na vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Wapishi wa shule wanapokataa kuni mbichi, wana haki.

MGUU WAKO NA JICHO LAKO

Kabla ya kununua chochote, kikundi kikubaliane juu ya mambo haya.

1. Pasulieni juu ya kigogo kipana cha chini, kinachofika kama katikati ya muundi. Ukikosa shabaha, shoka litaingia kwenye kigogo badala ya mguu wako. Simama miguu ikiwa imepanuka, na ukunje magoti shoka linaposhuka.

2. Tafuteni tairi kuukuu la gari, liwekeni juu ya kigogo, na kuni zisimame ndani yake. Vipande havirukiruki, na huinami kila mara kuokota. Gharama ni kidogo au hakuna. Jambo hili limetuokolea migongo kuliko lingine lolote.

3. Watoto na kuku wakae mbali. Asisimame mtu mbele yako wala nyuma yako.

4. Angalieni kichwa kila asubuhi kabla ya pigo la kwanza. Hata Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, inataja shoka lililochomoka mpinini likamwua jirani. Hatari hiyo ni ya zamani na ingali nasi. Kuloweka shoka majini usiku kucha kunakaza mpini kwa muda tu. Ukikauka unalegea tena. Dawa ni kabari ndogo mpya ndani ya tundu, au mpini mpya.

5. Mpini uwe wa mti mkavu ambao nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka kichwani hadi mwisho. Kila eneo lina mti wake wa mipini. Waulizeni wazee.

6. Anayegonga kabari afunike macho kwa miwani ya kazi. Chuma kikigonga chuma, kipande kinaweza kuruka. Kichwa cha kabari kikipasuka na kujikunja kama uyoga, kisagwe au kipigwe tupa kabla ya kutumika tena.

Na kunoa, jamani. Kinolewacho hupata. Kila shoka liwe na tupa yake, na mtu mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye mwenye kazi hiyo. Kazi ya wote ni kazi isiyo na mwenyewe.

BASI TUNUNUE LIPI?

Najua mlikuja kuuliza hilo. Kama kikundi kina pesa za chombo kimoja tu, nunueni shoka la kupasulia la kilo 2 hivi. Litafanya sehemu kubwa ya kazi, na wengi kati yenu wataliweza. Pesa zikiongezeka, nunueni kabari mbili. Baadaye, shoka-nyundo moja kwa kikundi kizima, litunzwe mahali pamoja na liandikwe anayeliazima na siku atakayolirudisha. Halihitajiki katika kila boma.

Lakini kabla ya kulipa hata shilingi moja, fanyeni jambo ambalo mimi sikulifanya. Nendeni dukani na mmoja wa wale watakaolitumia. Si aliye na nguvu kupita wote. Mchukueni mtu wa kawaida. Mpeni shoka mkononi aliinue mpaka juu ya kichwa, alishushe taratibu, arudie mara kumi. Mtazameni uso wake pigo la kumi. Akiwa amekunja uso, lirudisheni kwenye rafu, hata kama muuzaji anacheka.

Yule mama alipona, asanteni kwa kuuliza. Leo ndiye anayenoa mashoka yetu, na ndiye anayekwenda na mimi dukani. Mwezi uliopita nilitaka kununua toroli. Aliisukuma kidogo, akasema, "Hii hapana." Tukatoka.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, nani hasa anapasua kuni? Je, huulizwa chombo kinaponunuliwa?

2. Ni chombo gani tulichonunua kwa pesa za kikundi ambacho kimelala bila kazi? Kwa nini?

3. Miti yetu ni ipi, na ni wakati gani inapasuka vizuri?

4. Juma hili, nani ataangalia mipini na makali ya mashoka yote ya kikundi na kutuletea habari kwenye mkutano ujao?